Mgomba wa Mlima Meru na Mtini wa Roma

Watu wengi wamesoma habari za Warumi wa kale katika vitabu vya shule. Wamefundishwa habari za vita vyao, na majemadari wao, na njia zao za mawe, na sheria zao. Ni haki kufundishwa hayo. Lakini mimi nataka kuwaonyesha Mrumi akiwa nyuma ya nyumba yake, amekunja nguo, ameshika kisu kidogo cha kukatia matawi, anautazama mtini wake kama umeshika matunda mwaka huu. Tena nataka kumweka Mrumi huyo karibu na mkulima wa migomba wa Mlima Meru. Wawili hao hawakuonana kamwe, walakini nadhani wangalielewana upesi. Kila mmoja alijua kwamba mti wa matunda hauliwi tu. Nchi hutambulikana kwa mti huo, na wafu hukaa chini yake, na watu hupigana kwa ajili yake.

Mtu atokaye Arusha mjini na kushika njia ya Moshi hupita Kimandolu. Mahali hapo siku hizi ni sehemu ya jiji. Nyumba za matofali zimesongamana, na maduka, na shule, na makanisa. Lakini kati ya ukuta na ukuta bado husimama migomba, hapa mitano, pale kumi, na mkahawa mmoja mmoja uliosahauliwa. Hayo ni mabaki ya bustani kubwa iliyouzunguka mlima upande wa kusini. Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, ni mlima wa moto, na mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka wa 1910. Majivu ya zamani ndiyo yaliyofanya udongo wake kuwa mweusi na wenye rutuba. Upande wa kusini hupata mvua njema, na mito hushuka kutoka msituni. Upande wa kaskazini ni mkavu. Kwa hiyo migomba iko huku, wala haiko kule.

Mgomba wenyewe si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni visiwa vya mashariki ya mbali, kuanzia Malaya mpaka New Guinea, nao uliletwa na mabaharia waliovuka Bahari ya Hindi zamani sana. Katika nchi ya Meru na Kilimanjaro kuna jamii ya ndizi iitwayo mchare, na huko pwani, Unguja na visiwa vya Ngazija, kuna ndugu yake aitwaye mlali. Wataalamu wa mbegu wa siku hizi wameona jambo la ajabu: ile ndizi ndefu ya manjano iuzwayo katika maduka ya Ulaya na Marekani, iitwayo Cavendish, ambayo ni karibu nusu ya ndizi zote zilimwazo duniani, mzazi wake mmoja ni wa ukoo huu wa mchare na mlali. Basi mtu wa London akimenya ndizi yake asubuhi, anamenya ndugu wa ndizi iliyopikwa jana Kimandolu, wala hana habari.

Je, Warumi waliijua ndizi? Hawakuipanda. Lakini Plinius, mwanachuoni wao aliyekufa mwaka wa 79 katika moshi wa mlima wa moto wa Vesuvius, aliandika kwamba kuna mti Uhindini wenye majani yaliyofanana na bawa la ndege, urefu wake dhiraa tatu, nao huzaa tunda tamu walilalo wenye hekima wa nchi hiyo. Wengi wa waliosoma maneno hayo hudhani kwamba mti huo ni mgomba. Nami naafikiana nao, kwani sijui mti mwingine wenye jani la namna hiyo.

Watu walioupanda mgomba kwanza katika Mlima Meru ni Wameru, ambao lugha yao ni jamaa ya Kichagga. Wazee wao walitoka upande wa Kilimanjaro karne nyingi zilizopita wakauingia msitu. Waarusha walikuja baadaye, katika miaka ya 1830, kutoka Arusha Chini. Hao walikuwa watu wa lugha ya Kimasai, na kwao heshima ya mtu ilikuwa ng'ombe. Lakini walipokaa mlimani wakajifunza kilimo cha migomba kwa jirani zao, wakawa wakulima hodari, huku wakishika rika zao na desturi zao za kifugaji. Jambo hili husemwa kana kwamba ni la ajabu, mfugaji kugeuka mkulima. Si la ajabu hata kidogo. Warumi walipita njia hiyo hiyo. Neno lao la fedha, *pecunia*, latokana na neno la mifugo, na siku waliyohesabu kuwa siku ya kuzaliwa mji wao, tarehe 21 Aprili, ilikuwa sikukuu ya wachungaji. Hata hivyo, walipotaka kumsifu mtu wa zamani kuwa ni mtu mwema, Cato aandika kwamba walimwita mkulima mwema.

Sasa tutazame neno kihamba. Kwa Wameru na Wachagga kihamba ni shamba la migomba lililoizunguka nyumba. Si kubwa, mara nyingi ni eka chache, na kwa wengi siku hizi hata eka haifiki. Ndani yake mna migomba, na chini ya migomba mna mikahawa, na viazi vikuu, na maharagwe, na miti ya mbao. Ng'ombe hukaa zizini karibu na nyumba. Hulishwa majani yaletwayo kichwani na wanawake, na mashina ya migomba yaliyokatwakatwa. Samadi yake hurudi kwenye shina la mgomba. Hivyo shamba hilo hulimwa mwaka baada ya mwaka, miaka mia na zaidi, wala udongo hauchoki. Maji huletwa na mifereji iliyochimbwa na ukoo kutoka mtoni, na kila mwenye shamba hupewa zamu yake.

Kihamba hakikuwa mali ya kuuzwa ovyo. Baba alikipata kwa babu, naye alimwachia mwanawe. Mtoto wa kiume akioa hupewa sehemu, au hupewa mahali pa kufyeka. Na kwa Wachagga yule kitinda mimba ndiye mara nyingi abakiaye katika nyumba ya wazazi kuwatunza. Wazee walipokufa walizikwa humo humo, kati ya migomba. Pombe ya ndizi na ulezi iliponywewa, sehemu yake ilimwagwa chini kwa ajili yao. Mtu aliyekula ndizi za kihamba alikuwa akila, kwa namna fulani, kutoka mkono wa babu yake.

Katika Roma ya kwanza kabisa kulikuwa na jambo kama hilo. Walisema kwamba Romulus, mfalme wao wa kwanza, alimpa kila mtu *jugera* mbili, yaani zaidi kidogo ya eka moja, na kipande hicho kiliitwa *heredium*, neno litokalo katika neno la mrithi. Plinius atuambia kwamba katika sheria zao za kale sana bustani ndiyo iliyokuwa ikiitwa kwa jina hilo la urithi. Yaani kwao, kama kwetu, bustani na urithi vilikuwa neno moja. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo. Watu wawili waliotengwa na jangwa na bahari na miaka elfu mbili waliita kitu kile kile kwa maana ile ile.

Na mpaka je? Mchagga na Mmeru hupanda masale mpakani. Sale ni mmea mwembamba wenye majani marefu ya kijani, usiokauka upesi, ukikatwa huchipuka. Hauzai chakula, lakini mtu mwenye akili hang'oi sale la jirani. Kwa Wachagga jani la sale hutumiwa hata kuomba msamaha: aliyekosa hulipeleka kwa aliyekosewa, na ni vigumu sana mtu kulikataa. Warumi nao walikuwa na mawe ya mpaka, na jiwe la mpaka lilikuwa na mungu wake, Terminus. Kila mwaka tarehe 23 Februari majirani wawili walikutana kwenye jiwe, huyu upande wake na yule upande wake, wakalivika mashada ya maua, wakatoa sadaka, kisha wakala pamoja. Ni desturi ya busara. Majirani wanaokula pamoja kwenye mpaka mara moja kwa mwaka hawataonana barazani pa hakimu kila mwezi.

Sheria yao ya Mbao Kumi na Mbili, iliyoandikwa karibu mwaka wa 450 kabla ya Kristo, ilisema kwamba mtu akikata miti ya mwenziwe kwa dhuluma atalipa vipande 25 vya shaba kwa kila mti. Tena ilimpa mtu ruhusa ya kuingia katika shamba la jirani kuokota matunda ya mti wake yaliyoangukia huko. Mambo madogo, utasema. Lakini wazee wa vijiji vyetu wamekwisha kukaa chini ya miti siku ngapi wakiamua mambo kama hayo? Mkungu ulioinamia upande wa pili ni wa nani?

Warumi walikuwa na mungu wa kike wa matunda, jina lake Pomona, naye alikuwa na kuhani wake. Katika makuhani kumi na watano wa namna hiyo, kuhani wa Pomona alikuwa wa mwisho kwa cheo. Maana hata Warumi, pamoja na kupenda bustani kwao, walimpa heshima ya kwanza mungu wa radi na mungu wa vita. Mshairi Ovid alisimulia jinsi Vertumnus, mungu wa kugeuka kwa majira, alivyomtaka Pomona awe mkewe, akajigeuza kuwa mvunaji, na mchunga ng'ombe, na mwishowe bibi kizee, ili apate ruhusa ya kuingia bustanini mwake. Bustani za watu wa kawaida zililindwa na sanamu ya mti iliyosimamishwa kuogofya wezi na ndege. Mpwani atakumbuka kago.

Lakini mti uliopendwa kuliko yote katika mji wa Roma ni mtini mmoja. Watu waliamini kwamba chini ya mtini huo kikapu chenye watoto Romulus na Remus kilisimama, mto ulipokuwa umewachukua, na mbwa mwitu jike akaja akawanyonyesha. Mtini wa namna hiyo ulitunzwa sokoni katikati ya mji, na makuhani waliutazama kwa hofu. Ukinyauka, ilikuwa ishara mbaya. Mwaka wa 58 baada ya Kristo, siku za mfalme Nero, mtini huo uliitwao Ruminalis ulianza kufa matawi, na shina likakauka. Mji mzima ukanong'ona. Kisha ukachipuka tena. Tacitus, mwandishi asiyependa maneno mengi, aliona habari hiyo yafaa kuandikwa katika historia ya dola.

Mkulima wa Meru hangeshangaa. Mgomba wake hufanya hivyo siku zote. Mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha hufa. Lakini kabla haujafa umekwisha kutoa watoto pembeni mwa shina, na mkulima huchagua mmoja au wawili wa kuwaacha. Shina la leo si lile alilolipanda babu, walakini mgomba ni ule ule. Mtu akisema, “Mgomba huu ni wa babu yangu,” hasemi uongo, ingawa hakuna jani hata moja aliloliona babu yake. Kwa sababu hiyo mgomba wafaa kuwa hati ya nchi kuliko karatasi: karatasi huliwa na mchwa, na mgomba hujiandika upya.

Na adui wa zamani walilijua jambo hilo vizuri.

Katika Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri, katika nchi ya Meru, walipokuja kutafuta mahali pa kujenga. Serikali ya Kidachi ilikuwa Moshi. Kapteni Johannes akaja na askari, pamoja na wapiganaji wengi wa Kichagga, kulipiza kisasi juu ya Wameru na Waarusha. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakatwaliwa. Na migomba ikakatwa. Angalieni jambo hilo la mwisho. Mtu aliyenyang'anywa ng'ombe aweza kupata wengine kwa mahari au kwa vita. Nyumba ya majani hujengwa kwa siku chache. Lakini kukata migomba ya mlima mzima ni kumwambia mtu, “Hukuwapo hapa, wala baba yako hakuwapo.” Miaka michache baadaye, mwaka wa 1900, boma la Wadachi likajengwa Arusha, nalo lipo hata leo, limekuwa nyumba ya makumbusho.

Warumi nao walifanya hivyo kwa wengine. Mwaka wa 70, Titus alipouzingira Yerusalemu, askari zake walikata miti yote iliyouzunguka mji, bustani na mashamba ya matunda, ili wapate mbao za vita. Josephus, Myahudi aliyekuwapo, aliandika kwamba mtu aliyeijua nchi ile zamani, akirudi, hangeitambua. Ndiyo tabia ya dola kubwa: nyumbani huandika sheria ya kulinda mti wa jirani, na ugenini hubeba shoka.

Tena walibeba miti yenyewe. Plinius asema kwamba Lucullus, alipomshinda mfalme Mithridates, alileta mcherizi Italia kutoka nchi ya Ponto, mwaka wa 74 kabla ya Kristo, na baada ya miaka 120 mti huo ulikuwa umefika hata Uingereza. Majina ya matunda yao ni kama orodha ya safari za majeshi: komamanga waliliita tunda la Karthago, na tunda jingine liliitwa la Uajemi, na jingine la Armenia. Majemadari walipoingia mjini kwa shangwe ya ushindi, walipitisha watu wa mateka barabarani. Na tangu siku za Pompeius walipitisha na miti pia, imechukuliwa kama mateka. Fikirini mti umepandwa gari, watu wanaupigia kelele.

Kuna kisa kimoja nakipenda kuliko vyote, nacho chatuhusu sisi Waafrika. Cato, mzee mkali, alitaka sana mji wa Karthago uangamizwe. Karthago ulikuwa pwani ya Afrika ya Kaskazini, katika nchi iitwayo leo Tunisia. Siku moja aliingia na tini mbichi katika baraza kuu la Roma, akawauliza wazee wadhani imechumwa lini. Wote wakakiri kwamba ni mbichi kabisa. Akawaambia, imechumwa Karthago siku tatu zilizopita. Adui yu karibu namna hiyo. Vita vikaanza mwaka wa 149 kabla ya Kristo, na mwaka wa 146 mji ukaharibiwa. Warumi wakawagawia wafalme wadogo wa Afrika vitabu vya Karthago, wasivihitaji. Isipokuwa vitabu vya mtu mmoja. Huyo ni Mago, mwenyeji wa mji ule, aliyeandika vitabu 28 vya kilimo. Baraza la Roma likaamuru vitafsiriwe kwa Kilatini. Baadaye Columella, bingwa wa kilimo wa Warumi, alimwita Mago baba wa elimu ya ukulima. Basi wakulima wa Roma walisoma kwa mwalimu wa Afrika, baada ya kuuchoma mji wake.

Divai yao nayo ilifika kwetu. Katika kitabu kidogo cha safari za bahari kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, imeandikwa kwamba wafanya biashara waliokwenda pwani ya Azania, ndiyo pwani yetu, na bandari ya Rhapta, walichukua divai kidogo na ngano, si kwa kuuza, bali kuwapendeza wenyeji. Maana yake ni kwamba mzee mmoja wa pwani alikwisha kuonja zabibu za ng'ambo wakati Roma ilipotawala, naye nadhani alilipa kwa pembe ya ndovu.

Kuhusu mizabibu, Warumi walikuwa na neno zuri. Mzabibu hauwezi kusimama wenyewe, kwa hiyo waliupanda karibu na mti mwingine, ukautambaa, nao walisema mzabibu “umeozwa” kwa mti huo. Katika Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya Vesuvius, wachimbaji wa siku hizi walikuta shamba lenye alama za mizizi ya mizabibu zaidi ya 2,000, pamoja na mahali pa kusindikia, pamoja na mabenchi ya kulia chakula kivulini. Mizizi ilikuwa imeoza ikaacha matundu. Wakamimina saruji humo, wakapata umbo lake.

Mlimani petu pia palifanyika arusi ya namna hiyo: mkahawa uliozwa kwa mgomba. Mbegu za kahawa zililetwa na wamisionari Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19, na Walutheri waliokaa Nkoaranga mwaka wa 1902 na Ilboru mwaka wa 1904 walikuwa kati ya walioieneza elimu mpya upande wa Meru. Mkulima hakuufyeka mgomba ili apande kahawa. Aliiweka kahawa chini yake, katika kivuli, na mbolea moja ikawafaa wote wawili. Mgomba ulilisha nyumba. Mkahawa ulilipa kodi na ada ya shule. Wengi wa watu wa Meru na Kilimanjaro waliosoma katika karne ya 20 walisomeshwa na arusi hiyo.

Lakini haikukubaliwa bila ugomvi. Walowezi waliokuwa na mashamba makubwa ya kahawa hawakupenda Mwafrika aipande. Walisema ataleta magonjwa ya mimea, na ataiba, na kazi mashambani haitapata watu. Kenya, Waafrika walizuiwa kupanda kahawa ya arabika, mpaka walipoanza kuruhusiwa kidogo kidogo katika miaka ya 1930. Kilimanjaro, Charles Dundas, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Moshi baada ya vita vya 1914–18, aliwahimiza Wachagga waipande. Wakaanzisha chama chao mwaka wa 1925, na baadaye chama kikuu cha ushirika, K.N.C.U. Asomaye historia ya Roma atamkumbuka Domitian. Mfalme huyo, karibu mwaka wa 92, aliamuru kwamba isipandwe mizabibu mipya Italia, na katika majimbo ya ng'ambo mizabibu ikatwe nusu. Alisema ni kwa sababu ngano imepungua. Wengine walidhani ni kwa kuwalinda wenye mizabibu wa Italia. Amri haikutimizwa. Ni vigumu sana kumtuma askari akate mti unaomlipia mtu kodi.

Mlima Meru ulikuwa na taabu kubwa kuliko hiyo. Tangu siku za Wadachi, nchi ya chini ya mlima iligawiwa walowezi, Makaburu na Wadachi, na baadaye Wagiriki na Waingereza, hata vihamba vya Wameru na Waarusha vikawa vimefungwa kati ya msitu juu na mashamba ya wageni chini. Watoto walizaliwa, ardhi haikuzaliwa. Mwaka wa 1951 Wameru kiasi cha 3,000 waliondolewa kwa nguvu Ngare Nanyuki, upande wa malisho, na mwaka wa 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea. Ng'ambo watu walishangaa kwamba wakulima wa mlima mmoja wafanye safari hiyo. Lakini mtu aliyezoea kusema “hapa ni kwa babu yangu” ataisema popote asikilizwapo.

Nimewataja wanaume wengi. Plinius asema zamani bustani ya mboga ilikuwa kazi ya mama wa nyumba, na watu walipoona bustani mbaya walijua papo hapo kwamba mwenye nyumba si mwangalifu. Katika nchi ya Meru mwanamke ndiye aliyekata ndizi za chakula, na ndiye aliyezichukua sokoni, na ndiye aliyebeba majani ya ng'ombe. Walakini kihamba kilirithiwa na wanaume. Mke alipofiwa, mara nyingi alikaa katika shamba alilolilima miaka 40 kwa hisani ya shemeji zake. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke wa Tanzania haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Sheria imeandikwa, lakini kwa wazee wengine masale yana sauti kubwa kuliko gazeti la serikali, na wajane wengi bado huenda mahakamani.

Na mji unapanda mlima. Kimandolu kihamba cha eka moja kilichogawiwa wana watatu, kisha wajukuu tisa, hakitoshi tena kulisha mtu. Huuzwa vipande vya kujengea. Simlaumu auzaye, ada ya chuo hailipwi kwa mikungu sita. Mgomba nao una maradhi, na mchare hushikwa kwa urahisi na ugonjwa wa mnyauko ukaao udongoni. Huko Tengeru, saa moja au pungufu kwa gari kutoka Kimandolu, wataalamu wanajaribu kuzalisha mchare mpya ustahimilio maradhi. Kazi ni ngumu, kwa kuwa ndizi tulayo haina mbegu. Hupaka chavua kwa mkono katika ua moja moja, kisha huponda mikungu mingi kutafuta punje chache. Cato angependa kuitazama kazi hiyo, naye angeuliza gharama yake.

Lakini kuna jambo ambalo bei ya kiwanja haijaliondoa. Mtu wa mlima akifa Dar es Salaam au Mwanza, au ng'ambo ya bahari, jamaa huchanga fedha, hukodi gari, humrudisha. Gari huacha barabara kuu, hupanda njia ya udongo kati ya kuta za nyumba mpya, hata hufika mahali palipobaki migomba kumi na miwili. Hapo vijana huwa wamekwisha kuchimba tangu alfajiri, nao wameihamisha kwa uangalifu ile michanga iliyokuwa karibu na shimo.